Ukuzaji wa ukurasa unaogoma: dalili, chanzo na tiba kwenye Chrome, Firefox na Edge

Kwenye maduka ya steshenari ya Mwanjelwa, Kabwe au Miyomboni, kazi nyingi siku hizi hufanyika ndani ya kivinjari: maombi ya mkopo wa HESLB, fomu za Ajira Portal, leseni ya biashara kupitia TAUSI, usajili wa jina BRELA, matokeo ya NECTA. Kompyuta yenyewe mara nyingi ni ya mtumba yenye kioo cha pikseli 1366 kwa 768, na aliyekaa mbele yake ananakili namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Maandishi yakiwa madogo, tarakimu moja inakosewa na ombi linakataliwa. Yakiwa makubwa mno, kitufe cha kutuma kinatoka nje ya kioo na mteja anaambiwa "mtandao unasumbua" wakati mtandao hauna kosa.

Kuweka ukuzaji (zoom) wa kudumu ni kazi ya dakika moja. Kinachopoteza muda ni kurekebisha mahali ambapo tatizo halipo. Ukubwa wa unachokiona huamuliwa na ngazi nne zinazozidishana: Windows na kioo chake, ukuzaji wa jumla wa kivinjari, ukuzaji wa tovuti moja moja, kisha hati iliyofunguliwa ndani ya ukurasa, kama PDF. Mtu akikuza ngazi mbili bila kujua, asilimia 125 juu ya asilimia 125 inakuwa 156, na hapo ndipo fundi huitwa.

Kabla ya kugusa mipangilio

Fungua tovuti yoyote, bonyeza Ctrl na 0 (sifuri), halafu tazama sehemu ya juu ya kivinjari chenyewe: vichupo (tab), sehemu ya anwani, vitufe. Ukuzaji wa ukurasa hauigusi sehemu hiyo hata kidogo. Kwa hiyo vichupo na anwani navyo vikiwa vikubwa au vidogo kupita kawaida, ruka mpaka sehemu inayohusu kioo na Windows hapa chini. Huku kwingine utahangaika bure.

Vichupo vikiwa sawa na ukurasa tu ndio umeharibika, fungua menyu ya nukta tatu ya Chrome au Edge na usome asilimia iliyo kwenye mstari wa Zoom. Kwenye Firefox, menyu ni mistari mitatu. Fungua na tovuti ya pili yenye anwani tofauti, usome tena. Asilimia zikitofautiana, chanzo ni kumbukumbu ya tovuti. Zikilingana kila mahali, chanzo ni ukuzaji wa jumla.

Ukuzaji wa jumla unawekwa wapi

Chrome: andika chrome://settings/appearance kwenye sehemu ya anwani, bonyeza Enter, tafuta mstari wa Page zoom. Chaguo zinaanzia asilimia 25 hadi 500, na huwezi kuandika namba yako. Kutoka 100 inakwenda 110, 125, 150, 175, 200. Mstari wa juu yake, Font size, ni kitu kingine kabisa na tutaurudia.

Edge: edge://settings/appearance, mstari wa Zoom.

Firefox: about:preferences, ukurasa wa General, shuka hadi Zoom, kisha Default zoom. Chaguo hili lilianza na toleo la 73 la mwaka 2020, hivyo ukikuta Firefox isiyo nalo, ujue ni ya zamani mno. Hatua zake hazifanani na za Chrome: kutoka 100 inakwenda 110, 120, 133, 150. Tofauti hiyo ndogo ina faida kubwa kwa kioo cha 1366, kama utakavyoona.

Safari ya Mac: mipangilio, Websites, Page Zoom, chaguo lililo chini kabisa linalohusu tovuti nyingine zote.

Kompyuta za Windows 7 bado zipo, hasa kwenye ofisi za vyama vya ushirika na shule. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109, na Firefox ni ESR 115. Zote mbili zina ukuzaji wa jumla, kwa hiyo kwa kazi hii umri wa mashine si kisingizio.

Dalili: umeweka 125, tovuti moja inabaki vilevile

Kila ukikuza kwa Ctrl na alama ya kujumlisha, kivinjari kinaandika: tovuti hii, asilimia hii. Maandiko hayo yana nguvu kuliko ukuzaji wa jumla. Mtu aliyewahi kuipunguza tovuti fulani hadi 80 ili fomu ienee, ataikuta kwenye 80 hata baada ya wewe kuweka 125 kwa zote.

Kwenye tovuti husika bonyeza Ctrl na 0. Hii hairudishi 100 kama wengi wanavyodhani. Inarudisha ukuzaji wa jumla uliouweka, na kwenye Chrome tovuti hiyo inafutwa kwenye orodha ya zilizokumbukwa. Ukitaka kuiona orodha nzima, andika chrome://settings/content/zoomLevels. Mashine ya dukani iliyotumiwa na watu wengi utaikuta na tovuti lukuki, kila moja na asilimia yake. Futa moja moja kwa alama ya X iliyo pembeni.

Firefox haina orodha ya kuonekana. Ukitaka kufuta zote kwa mpigo, bonyeza Ctrl, Shift na Delete, chagua muda wote, weka tiki kwenye Site settings peke yake, toa tiki kwenye mengine yote. Fahamu kwamba ruhusa za kamera, maikrofoni na arifa ulizozitoa kwa tovuti nazo zitaondoka. Ukifungua mkutano wa video utaulizwa upya.

Kuna utata mdogo unaochanganya watu wakati wa matokeo. Kumbukumbu hufuata jina kamili la anwani. Anwani yenye www mbele na isiyokuwa nayo ni tovuti mbili machoni pa kivinjari, na anwani ndogo ya taasisi hiyohiyo ni ya tatu. Ndiyo maana mtu hukuza ukurasa wa mbele wa taasisi, akibonyeza kiungo anatua kwenye maandishi madogo tena. Hakuna kilichoharibika. Ukuzaji wa jumla ukiwa sahihi, hutahitaji kukuza anwani moja moja.

Dalili hiyohiyo kwa tovuti zote, si moja, na Ctrl 0 haisaidii? Angalia viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa ndani ya kivinjari: chrome://extensions au about:addons. Kiendelezi cha kukuza kikiwepo, kinaandika juu ya mpangilio wako kila ukurasa unapofunguka. Kizime, pakia ukurasa upya, uone.

Dalili: maandishi yanasomeka sasa, lakini menyu imepotea au kitufe hakionekani

Hili ndilo lalamiko linaloongoza baada ya mtu kukuza, na wengi hulipeleka kwa mwenye tovuti. Chanzo ni hesabu. Ukikuza, kivinjari kinaiambia tovuti kwamba kioo ni chembamba kuliko kilivyo. Pikseli 1366 ukigawa kwa 1.25 unapata 1093. Ukigawa kwa 1.5 unapata 911. Tovuti nyingi zimejengwa kwa Bootstrap, zana ya kupangia kurasa, na hapo mpaka wa kawaida kati ya sura ya kompyuta na sura ya simu ni pikseli 992. Ukiwa juu ya 992 unaona menyu imetandazwa. Ukishuka chini yake, menyu nzima inakunjwa ndani ya kitufe cha mistari mitatu na safu za fomu zinapangwa moja chini ya nyingine.

Kwa hiyo kwenye kioo cha 1366, asilimia 125 ya Chrome ni salama na 150 inakutupa upande wa simu. Hakuna hatua ya katikati kwenye Chrome. Firefox inayo: 133, ambayo inaacha pikseli 1027, bado juu ya mpaka. Kwa mtu mwenye macho yanayosumbua anayefanya kazi za fomu kutwa nzima kwenye laptopu ya aina hiyo, hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kumwekea Firefox.

Vioo vingine vinavyoonekana sana huku: kile cha mraba cha inchi 19 kina 1280 kwa 1024, na asilimia 125 inaacha 1024, yaani umepita kwa shida. Cha inchi 20 kipana huwa na 1600 kwa 900; 150 inaacha 1067, sawa. Cha 1920 kinavumilia hata 175, kwa kuwa bado kuna 1097.

Kama Windows yenyewe imewekwa asilimia 125 kwenye kioo cha 1366, hesabu inaanzia 1093 kabla hujagusa kivinjari. Ukiongeza 125 ya kivinjari unabaki na 874. Chagua ngazi moja. Ushauri wetu: kwa mtumiaji mmoja mwenye shida ya macho, kuza Windows; kwa mashine ya watu wengi, acha Windows kwenye 100 na ukuze kivinjari, kwa sababu anayefuata anaweza kubadilisha kwa sekunde bila kuharibu mpangilio wa programu nyingine.

Upande wa urefu husahaulika. Kioo cha 768 kikiondolewa mstari wa chini wa Windows na sehemu ya juu ya kivinjari, ukurasa unabakiwa na pikseli 640 hivi. Kwa ukuzaji wa 125 ni kama 510. Kidirisha kinachotokea katikati ya ukurasa kikiwa kirefu kuliko hapo, na aliyekijenga hakuruhusu kusogeza, kitufe cha kuhifadhi kinabaki chini ya kioo na hakifikiki. Bonyeza F11 kivinjari kienee kioo kizima. F11 tena kurudi. Isipotosha, punguza kwa Ctrl na alama ya kutoa mpaka kitufe kijitokeze, kibonyeze, halafu Ctrl na 0. Ukiona mstari wa alamisho (bookmarks) chini ya anwani, ufiche kwa Ctrl, Shift na B. Unarudisha pikseli thelathini na kitu bila gharama yoyote.

Usijaze fomu ndefu huku ukibadilisha ukuzaji ovyo. Kubadilisha ukuzaji hakufuti ulichoandika, ila tovuti ikihama kutoka sura ya kompyuta kwenda ya simu, sehemu uliyokuwa unajaza inahamia pengine na ni rahisi kuruka kisanduku.

Dalili: unaweka leo, kesho imerudi ilivyokuwa

Kuna vyanzo kadhaa, na vinatofautiana kwa wakati mpangilio unapopotea.

Unapotea ukifunga dirisha tu: ulikuwa kwenye dirisha fiche (Incognito au Private) au wasifu wa mgeni (Guest). Ulichobadilisha ndani ya dirisha fiche hakiandikwi kokote, na wasifu wa mgeni hufutwa wote ukifungwa. Weka ukuzaji ukiwa kwenye dirisha la kawaida. Dirisha fiche litaurithi.

Unapotea ukibadilisha mtu: Chrome ina wasifu (profile) zaidi ya mmoja, na kila wasifu una ukuzaji wake. Tazama picha ndogo ya duara upande wa kulia juu. Mafundi wengi wa maduka huweka ukuzaji kwenye wasifu wao wakati wa kuandaa mashine, mhudumu anafungua wasifu wa duka na kukuta 100. Rudia mpangilio kwenye kila wasifu. Vilevile usitegemee akaunti ya Google ikubebee ukuzaji kutoka mashine moja hadi nyingine. Weka kwenye kila mashine.

Unapotea mashine ikizimwa na kuwashwa, pamoja na mafaili yaliyowekwa kwenye desktopu: kuna programu ya kurudisha hali ya awali, kama Deep Freeze, iliyozoeleka kwenye maabara za vyuo na vyumba vya intaneti. Hapo kivinjari hakina hatia. Mwenye nenosiri lazima aifungue, mashine iwashwe ikiwa imefunguliwa, uweke ukuzaji, ufunge kivinjari, ndipo aifunge tena.

Unapotea kwa tovuti ulizokuza, lakini wa jumla umebaki: kuna usafishaji. Ama Firefox imeamriwa kufuta historia kila inapofungwa na Site settings ina tiki, ama kuna programu ya kusafisha kompyuta inayopita kila asubuhi. Kwenye Firefox fungua about:preferences#privacy, shuka hadi History, fungua Settings ya kufuta wakati wa kufunga, ondoa tiki hiyo. Kwenye programu ya kusafisha, ondoa mapendeleo ya tovuti katika vitu inavyofuta.

Firefox ambayo hata ndani ya kikao kimoja haikumbuki ukuzaji wa tovuti ina jambo lingine. Andika about:config, kubali onyo, tafuta browser.zoom.siteSpecific, inapaswa kuwa true. Ikiwa true na bado hakuna mabadiliko, tafuta privacy.resistFingerprinting. Hiyo ikiwa true, Firefox inaacha makusudi kukumbuka ukuzaji wa kila tovuti, maana ukuzaji usio wa kawaida ni alama ya kumtambua mtu. Aliyeiwasha alitaka faragha. Muulize kabla ya kuizima.

Cha mwisho ni umeme. Chrome haiandiki mpangilio kwenye diski papo hapo, hungoja sekunde kadhaa. Umeme ukikatika dakika hiyohiyo kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, mpangilio haujahifadhiwa. Baya zaidi, faili la mapendeleo linaweza kuharibika, na Chrome ikifunguka inaanza upya kama mpya: ukuzaji umepotea, ukurasa wa mwanzo umepotea, viendelezi vimezimika. Ukiona mambo matatu manne yamepotea kwa pamoja baada ya umeme kukatika, usitafute kosa kwenye ukuzaji. Weka upya, funga kivinjari kwa kawaida, na kama inajirudia, pima afya ya diski. Diski za mtumba zilizochoka huanza kwa dalili za namna hiyo.

Dalili: ukurasa unakua na kupungua wenyewe

Ctrl imekwama. Ctrl ikiwa imeshikwa, gurudumu la mausi linakuza badala ya kusogeza. Kibodi ya duka inamwagikiwa chai, inaingiwa vumbi la kiangazi, na Ctrl ya kushoto iko pembeni kabisa mahali mikono inapoegemea.

Jaribio la haraka ni kuchomoa kibodi ya USB. Ukisogeza kwa mausi na ukurasa umetulia, kibodi ndiyo mbaya. Laptopu haichomoleki, kwa hiyo bonyeza kitufe cha Windows na R, andika osk, Enter. Kibodi inajitokeza kwenye kioo. Ctrl ikiwa imewaka bila mtu kuigusa, imekwama. Bonyeza na kuachia Ctrl ya kushoto, kisha ya kulia, mara mbili tatu. Baada ya kikao cha kuendesha mashine kutoka mbali, Ctrl hubaki imeshikwa kwa namna hii na kubonyeza huku kunatosha. Ikiwa imekwama kwa maji au chai, zima kabisa, toa umeme na betri inayotoka, ng'oa kifuniko cha kitufe, safisha kwa alkoholi ya isopropili na uache ikauke. Kibodi ya USB ya bei ndogo ni afadhali ubadilishe.

Hakikisha pia Sticky Keys haijawashwa. Inawashwa kwa kubonyeza Shift mara tano, jambo ambalo watoto na watu wenye haraka hulifanya bila kujua. Ikishawashwa, ukigusa Ctrl mara mbili inafungwa mpaka uiguse tena.

Kwenye laptopu, vidole viwili juu ya padi vikitanuka, ukurasa unakua. Huu ni ukuzaji wa aina nyingine: asilimia kwenye menyu haibadiliki na kivinjari hakiukumbuki. Rudisha kwa vidole hivyohivyo.

Na kama kioo kizima kimekua, pamoja na desktopu, na picha inafuata mshale wa mausi, mtu alibonyeza kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha akidhani ni Ctrl. Hiyo ni Magnifier ya Windows. Kitufe cha Windows na Esc kinaifunga.

Dalili: kila kitu ni kikubwa na kina ukungu, si kurasa peke yake

Mashine iliyowekwa Windows upya bila draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo, hujitambulisha hivi. Bofya kulia kwenye kitufe cha Start, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, draiva haipo na Windows inatumia ya kuazima, mara nyingi kwa pikseli 1024 kwa 768. Mafundi wa haraka huishia hapo na kumpunguzia mteja kivinjari hadi 75 ili "ienee". Hilo ni kosa: maandishi yanabaki na ukungu na kila programu nyingine inabaki kubwa. Pakua draiva kwa jina la modeli kutoka kwa mtengenezaji, ikibidi kwenye mashine nyingine na kuibeba kwa flashi, sakinisha, zima na uwashe. Kisha bofya kulia kwenye desktopu, Display settings, chagua idadi ya pikseli iliyoandikiwa Recommended, ndipo urudishe kivinjari kwenye 100 na uanze hesabu upya.

Draiva ipo lakini Windows inakataa kutoa zaidi ya 1024 kwa 768? Shuku waya wa VGA. Kioo hujieleza kwa kompyuta kupitia pini namba 12 na 15 za plagi hiyo. Waya wa bei rahisi usiounganishwa pini hizo, au uliopinda pini, unapitisha picha vizuri tu lakini kompyuta haijui kioo ni cha aina gani. Jaribu waya mwingine kabla ya kununua kioo kingine.

Kuna sehemu mbili zilizofichika zaidi. Bofya kulia ikoni ya Chrome, Properties, usome mstari wa Target mpaka mwisho. Ukikuta --force-device-scale-factor ikifuatiwa na namba, kuna fundi aliyelazimisha ukubwa kwa njia hiyo. Vichupo na kurasa vyote vinakua. Futa kipande hicho peke yake, acha njia ya faili na alama zake. Ya pili ni Firefox kuonekana kubwa kuliko Chrome ingawa zote ziko 100. Kuanzia toleo la 103, Firefox inatii mpangilio wa Windows wa kukuza maandishi, ule wa asilimia 100 hadi 225 kwenye Ease of Access (kwenye Windows 11 huitwa Accessibility), na Chrome haiutii. Rudisha mpangilio huo kwenye 100.

Dalili: herufi zinapandana, maneno yanatoka nje ya vitufe

Maandishi yamekuzwa bila sanduku lake. Kwenye Firefox, ondoa tiki ya Zoom text only chini ya Default zoom. Kwenye Chrome, fungua chrome://settings/fonts. Font size iwe 16, na Minimum font size irudishwe mwanzo wa mstari. Kuna wanaopenda kukuza maandishi pekee ili picha zibaki ndogo. Kwa kusoma habari inafaa. Kwa fomu za serikali haifai.

Dalili: kwenye kioo ni kubwa, kwenye karatasi ni ndogo au inakatwa

Chrome haipeleki ukuzaji wa ukurasa kwenye printa, kwa hiyo kukuza hadi 150 ndipo uchape ni kazi bure. Bonyeza Ctrl na P, fungua More settings, badilisha Scale kuwa Custom. Inapokea 10 hadi 200. Jedwali la matokeo likikatwa upande wa kulia, jaribu 90, kisha 80, au geuza karatasi ilale.

Kabla ya hapo, tazama ukubwa wa karatasi. Printa nyingi hufika zikiwa zimewekwa Letter, yenye milimita 216 kwa 279, huku karatasi ya dukani ni A4, milimita 210 kwa 297. Tofauti hiyo inatosha kula mstari wa pembeni. Weka A4 kwenye mipangilio ya printa ndani ya Windows, la sivyo utairekebisha kwa kila mteja.

PDF ndani ya kivinjari ina vitufe vyake vya kuongeza na kupunguza, na hivyo ndivyo vya kutumia. Kwenye Firefox unaweza kuifanya ifunguke ikienea upana wa dirisha: about:config, tafuta pdfjs.defaultZoomValue, andika page-width. Hati ambayo ilishafunguliwa zamani inaweza kukumbuka ukubwa wake wa awali.

Kwenye simu

Chrome ya Android: Settings, Accessibility, sogeza kitelezi cha ukuzaji. Palepale kuna chaguo la kulazimisha ukuzaji kwa tovuti zinazokataza kukuza kwa vidole; liwashe. Firefox ya Android: Settings, Accessibility, zima ukubwa wa maandishi wa moja kwa moja ndipo kitelezi kitii.

Ukurasa ukiwa mdogo kama mchwa kwenye tovuti moja tu, fungua menyu uangalie kama Desktop site ina tiki. Ikiwepo, simu inapanga ukurasa kwa upana wa pikseli 980 hivi kisha inaukandamiza uenee kioo cha inchi sita. Ondoa tiki. Iache tu pale fomu isipokubali kufunguka kwenye sura ya simu, na hapo zungusha simu ilale kabla ya kuanza kujaza.